Magrupu ya WhatsApp na mada zinazogawa watu: yanafaa wapi, yanaharibu wapi

Grupu la WhatsApp ni chombo kizuri cha kupeana taarifa na chombo kibaya cha kubishania siasa. Kwa taarifa linastahili nyota nne kati ya tano. Kwa mabishano ya uchaguzi, adhabu ya kifo, chanjo, wahamiaji au dini linapata mbili tu, na ya pili imetokana na kitufe kimoja ambacho karibu hakuna anayekitumia.

Kinachoudhi zaidi ni emoji za kuitikia ujumbe. Zilipoanza Mei 2022 zilikuwa sita: dole gumba, moyo, kicheko, mshangao, chozi na viganja vilivyounganishwa. Julai mwaka huohuo ikaruhusiwa emoji yoyote. Unashikilia ujumbe kidogo, unagusa, umeshatoa hukumu. Mtu ameandika aya tatu kueleza jinsi sheria fulani ilivyoiumiza familia yake, na chini yake zinajipanga nyuso saba za kicheko. Hakuna aliyepinga hoja wala kuonyesha ilipokosea. Mwandishi naye hana la kujibu, maana kicheko hakina neno la kushika. Hilo linaumiza, na wanaosoma kimya wanajifunza hapohapo kwamba anayefunguka humu huchekwa. Kesho yake grupu la watu 300 linasikika kama la watu kumi, na hao kumi wanaamini kwamba wote wako upande wao.

Ukigusa emoji unaona majina ya walioiweka. Ndiyo maana ya kwanza huvuta za pili: watu hutazama kwanza fulani kaweka nini, ndipo nao waweke. Admini wa grupu hana pa kuzizimia. Telegram inampa nafasi hiyo, achague emoji chache au aziondoe zote. Kwenye WhatsApp, hata ukifunga grupu ili maadmini pekee waandike, vicheko vinaendelea kumiminika chini ya ujumbe wa mwisho. Kwa hiyo usifunge grupu huku ujumbe wa mtu aliyeumizwa ukiwa ndio wa mwisho. Andika kwanza ujumbe mfupi wa kumheshimu na kueleza mjadala utaendelea lini, kisha funga.

Kura ya maoni ina kasoro inayofanana na hiyo. Inabeba majibu hadi 12 na inapigwa kwa mguso mmoja, lakini si ya siri: kila mwanagrupu anaweza kuona nani kachagua nini. Kwa kuchagua siku ya mkutano haina shida. Kwa swali linalogawa watu, vijana watafuata wazee wao, waajiriwa watafuata bosi, na matokeo hayatakuambia lolote kuhusu watu wanafikiri nini. Zima pia sehemu inayoruhusu majibu zaidi ya moja, maana huja ikiwa imewashwa, na mtu mmoja akichagua yote hesabu inavurugika.

Pengo lingine ni kasi. Telegram ina hali ya polepole tangu 2019: admini anaweka muda, tuseme dakika moja au tano, na mtu akishaandika anangoja muda huo upite kabla ya kuandika tena. WhatsApp haina kitu hicho. Watu wawili wenye vidole vyepesi hutuma meseji 60 ndani ya robo saa, na hoja iliyokuwa na maana inazama kabla haijasomwa. Nafuu ndogo ni kubandika ujumbe juu ya mazungumzo kwa saa 24, siku 7 au siku 30. Bandika swali lenyewe linalojadiliwa, kwa maneno yake kamili, kwa sababu nusu ya ugomvi hutokana na watu kujibu swali ambalo halikuulizwa. Na kila anayejibu atelezeshe ujumbe anaoujibu kuelekea kulia ili uonekane juu ya jibu lake. Jibu lisilo na nukuu, likishuka meseji kumi chini, litamwangukia mtu asiyehusika.

Kuhariri kunaruhusiwa kwa dakika 15 tu baada ya kutuma. Ujumbe unabaki na alama kwamba umehaririwa, lakini msomaji haoni ulisomekaje mwanzo. Hapa pana mtego: mtu anatukana, unajibu kwa ukali, anabadilisha tusi kuwa swali la upole, sasa mkorofi ni wewe. Dawa ni kungoja zile dakika 15 zipite kabla ya kujibu ujumbe mkali. Maneno yatakuwa yametulia, na mara nyingi moyo pia.

Admini anaweza kufuta ujumbe wa yeyote kwa wote, ila nafasi yake inabaki na maandishi kwamba umefutwa na admini, pamoja na jina lake. Ukifuta wa upande mmoja bila kueleza, mjadala unageuka kuwa wa upendeleo wako. Futa, halafu papo hapo taja kanuni iliyovunjwa, bila kumtaja mtu. Kanuni zenyewe ziwe kwenye maelezo ya grupu tangu siku ya kwanza, kwa sababu kanuni inayotungwa katikati ya ugomvi huonekana imetungwa kumlenga mtu.

Kuhusu habari za kusambazwa, kikomo cha kupeleka ujumbe kwa mazungumzo matano kimekuwapo duniani kote tangu Januari 2019. Aprili 2020 kiliongezwa kingine: ujumbe uliokwisha kupita mikono mitano au zaidi hupata vishale viwili na huenda kwa mazungumzo mamoja tu kwa mara moja. Vishale viwili ni ishara ya kuuliza chanzo. Kukosekana kwake hakuthibitishi kitu, kwani anayenakili maandishi na kuyabandika upya, au kupiga picha ya skrini, anaanza safari mpya isiyo na alama.

Kitufe kilicholeta nyota ya pili ni kile cha kujibu kwa faragha. Shikilia ujumbe wa kwenye grupu, fungua menyu, chagua kujibu kwa faragha: nukuu inahamia kwenye mazungumzo yenu wawili, kwa hiyo hapana utata mnazungumzia nini. Ukali hupungua kwa sababu hakuna hadhira ya kuifurahisha. Mtu anayeng'ang'ania neno lake mbele ya watu 300 anaweza kukubali akiwa na mmoja kwamba alikosea tarehe au aliisoma vibaya sheria. Anza kwa swali kuhusu jambo moja, usianze na orodha ya makosa yake. Sauti iliyorekodiwa hufaa hapa kuliko maandishi, mradi isizidi dakika moja; ikizidi inageuka hotuba.

Kinachoharibika mara nyingi ni hatua inayofuata. Mmepatana faraghani, lakini grupu halijui, na wengine bado wanatupiana maneno juu ya ujumbe uleule. Aliyekosea ndiye arudi kuandika sahihisho, akinukuu ujumbe wake mwenyewe. Usimsahihishie wewe, na usipeleke picha ya mazungumzo yenu kwenye grupu, hata kama inakusafisha. Akishaandika, mwitikie kwa maneno, walau sentensi moja kamili.