Micro-Manager na OpenCV kwa upasuaji wa seli: upana zinauona, kina zinakibahatisha

Maabara zinazotaka kompyuta idunge mayai badala ya mkono wa fundi huziunganisha programu hizi mbili huria. Micro-Manager inaendesha kamera, meza ya hadubini na kishikio cha sindano. OpenCV inasoma picha. Hazidai hata senti, na kwa kutafuta yai na ncha ya sindano zinatosha. Tatizo lipo kwenye kina.

Kamera yenye pikseli za mikromita 6.5 chini ya lenzi ya 20x hutoa mikromita 0.325 kwa pikseli. Yai la panya, ukiliondolea ganda lake la zona, lina kipenyo cha mikromita 80 hivi, yaani nusukipenyo cha pikseli 123. Lainisha picha kwa medianBlur ya 5, kisha kwenye HoughCircles, amri ya OpenCV ya kutafuta duara, weka minRadius 110 na maxRadius 140. Ukiacha mipaka hiyo wazi, duara hurukaruka kati ya utando wa yai na ukingo wa nje wa zona, na sindano hulifuata huko huko. Chini ya mwanga wa Hoffman, mbinu ya hadubini ya kuonyesha seli zisizo na rangi, upande mmoja wa yai hung'aa na wa pili huwa mweusi. Shusha param2, kizingiti cha kukubali duara, kidogo kidogo, la sivyo duara halipatikani.

Ncha hupatikana kwa matchTemplate, inayotafuta kwenye picha mahali panapofanana na kiolezo, yaani kipande cha picha ya ncha, na ambayo haivumilii kugeuzwa wala kubadilika kwa ukubwa. Kila sindano mpya inadai kiolezo kipya. Ni kazi ya dakika moja, ila ikirukwa lawama huishia kwa programu.

Upande wa Micro-Manager, achana na snapImage, inayopiga picha moja moja. Anzisha startContinuousSequenceAcquisition, inayopiga mfululizo, halafu chukua picha mpya kabisa kwa getLastImage. popNextImage hutoa fremu kongwe kuliko zote kwenye foleni, kwa hiyo uchakataji ukichelewa sindano inaongozwa na picha iliyopitwa. Hata bila foleni, kwa fremu 30 kwa sekunde sindano iendayo mikromita 200 kwa sekunde husogea karibu 6.7 kati ya fremu mbili, wakati tundu la ncha lenyewe ni mikromita 5 hivi. Ukikaribia zona, shusha kasi hadi mikromita 20 kwa sekunde.

Sasa kina. Kupima ukali wa picha kwa Laplacian, hesabu ya jinsi mwanga unavyobadilika ghafla kati ya pikseli, hufanya kazi vizuri kwenye kitu bapa. Yai ni tufe linalopitisha mwanga: chembechembe za ndani, utando na zona kila kimoja kina kilele chake cha ukali. Sindano ikiingia juu ya usawa wa katikati, yai hubingirika badala ya kubonyea. Dawa ni kutafuta sakafu kwanza: mahali pasipo yai, shusha ncha kwa hatua za mikromita 1. Ikigusa kioo, kwa kuwa imeinama, huteleza mbele kwenye picha. MatchTemplate itaona X imeruka. Hapo ndipo sifuri ya Z, yaani ya kimo. Simama papo hapo, hatua chache zaidi na ncha imevunjika. Kisha inua mikromita 50 kwa yai lililolala chini, ili ncha ifike usawa wa katikati zona ikihesabiwa. Utaratibu huu haumo kwenye programu yoyote kati ya hizi, unauandika mwenyewe, na hilo ni pengo kubwa.

Kutoboa kwenyewe usikuongoze fremu kwa fremu. Tuma amri moja yenye umbali na kasi, kidhibiti cha sindano kimalize.