Nissan Leaf ya mtumba inapogoma: huduma ipi inastahili pesa yako

Leaf, gari la umeme la Nissan, unayokutana nayo Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam kwa kawaida ni mtumba wa Japani, na waranti iliyotolewa huko haikuvuka bahari pamoja na gari. Likigoma, utakayemwendea ni mmoja wa watatu: wakala rasmi wa Nissan, gereji binafsi iliyozoea haibridi na magari ya umeme, au fundi anayekuja nyumbani na kompyuta yake. Hapa tunawapima wote kwa kigezo kimoja. Je, wanakuonyesha namba kabla ya kukutajia bei?

Kigezo hicho si cha kuonea mtu, kwa sababu Leaf ni mgonjwa anayejieleza. Chini ya usukani kuna soketi ya OBD2, ya kusomea kompyuta za gari. Ukichomeka adapta ndogo ya Bluetooth ya aina ya ELM327 na kufungua programu ya LeafSpy kwenye simu, unaona volti ya kila jozi ya seli kati ya jozi 96, joto la betri, asilimia ya afya yake (SOH), idadi ya mara ilizochajiwa kwa chaja ya haraka, na misimbo ya hitilafu. Gereji inayokwambia "betri imekufa" bila kukuonyesha ukurasa hata mmoja wa hayo inabahatisha, na bahati hiyo utailipia wewe.

Huduma nzuri huanzia kwenye betri ndogo ya volti 12. Leaf ina betri kubwa ya kuendesha mota, lakini kompyuta zote na swichi kubwa zinazofungulia umeme wa juu hutegemea ile ndogo. Ikichoka, dashibodi hujaa taa za onyo zisizohusiana: breki, usukani, mfumo wa umeme, vyote kwa pamoja. Ile taa ya kijani yenye picha ya gari na mishale miwili haiwaki, na gari haliondoki. Mwenye gari hudhani mfumo mzima umeungua. Fundi makini huchukua mita kwanza. Betri iliyopumzika ikiwa na volti 12.6 imejaa, ikisoma 12.2 imebaki takriban nusu. Ikizama chini ya 10 unapowasha taa kubwa, haifai tena. Gari likiwa limewaka, mita isome kati ya 13 na 14.4 hivi, kwa kuwa hapo kigeuzi kinachukua umeme wa betri kubwa na kuchaji ndogo. Isiposoma hivyo, kosa liko kwenye kigeuzi au fyuzi yake, na betri mpya itakufa kama ya zamani. Leaf nyingi za Japani hutumia saizi ya 46B24, ambayo madukani huitwa NS60. Angalia upande wa vichwa kabla ya kulipa, maana zipo za kulia na za kushoto. Ukishafunga mpya, misimbo ifutwe, gari liendeshwe, kisha lisomwe tena. Kinachorudi ndicho kosa halisi.

Malalamiko yanayofuata kwa wingi ni gari kukataa chaji. Hapa mafundi wengi hukimbilia chaja ya ndani, spea ghali, kabla ya kutazama ukuta. Kebo ya chaji iliyokuja na gari imetengenezwa kwa umeme wa Japani wa volti 200 na huomba ampea 15. Plagi yetu ya pini tatu ni ya ampea 13. Mtu hukata plagi ya Kijapani, akafunga ya kwetu, akachaji usiku kucha. Baada ya muda pini ya moto inabadilika rangi, soketi inayeyuka, chaji inakatika katikati. Tiba ni soketi ya bluu ya viwandani, waya wa milimita 4 za mraba moja kwa moja kutoka kwenye bodi ya fyuzi, swichi ya ampea 20 na kinga ya uvujaji ya miliampea 30. Sababu nyingine ni waya wa ethi uliokatika au ambao haukuwahi kufungwa: kebo nyingi hupima ethi kabla ya kuruhusu umeme, zikiikosa zinawasha taa nyekundu na kugoma. Kwa upande huu fundi wa kuja nyumbani anawazidi wengine wote, kwani anaona soketi yenyewe. Gereji utakayoipelekea gari kwenye lori itakuta linachaji vizuri tu, na utalipia lori bure.

Ukilazimika kulivuta, liwe juu ya lori au magurudumu ya mbele yawe yameinuliwa. Mota iko mbele. Magurudumu hayo yakizunguka barabarani, mota inazalisha umeme na inaweza kuharibika. Huduma ya uokoaji inayokuja na kamba tu, irudishe.

AC inastahili onyo lake. Kompresa ya Leaf huendeshwa na umeme wa juu, na mafuta yake ni ya aina ya POE, yasiyopitisha umeme. Fundi wa AC wa kawaida akija na mashine aliyotoka kuitumia kwenye gari la petroli, huingiza mafuta ya aina ya PAG yanayotumika kwenye magari hayo. AC inapoa vizuri siku hiyo, mteja anafurahi. Baadaye gari linawasha onyo la uvujaji wa umeme na kukataa kuwaka, na hakuna anayekumbuka kwamba gesi ilijazwa. Uliza swali moja tu: mafuta gani? Akisema yote ni sawa, ondoka.

Sasa betri kubwa, ambako pesa nyingi hupotea. Leaf hizi za mtumba hazina mfumo wa maji wa kupoza betri. Kwa hiyo gari lililokaa miaka kwenye joto la pwani huchakaa haraka kuliko pacha wake wa Limuru kwenye baridi. Kwenye dashibodi kuna vipau 12 vya uwezo. Cha kwanza hutoka uwezo unapofika karibu asilimia 85, na kila kinachofuata ni takriban asilimia 6. Vipau vikipungua taratibu, huo ni uchakavu, na hakuna fundi wa kuurudisha. Lakini gari likikimbia vizuri mpaka chaji ifike asilimia 30, kisha ghafla taa ya kobe ikawaka na nguvu zikakata, shaka seli moja dhaifu. Hiyo inatibika.

Kuipata si kazi ya dakika tano. Betri ikiwa imejaa, seli mbovu hujificha kati ya nzima. Fundi anayejua huendesha gari mpaka chaji ishuke, kisha anakanyaga mafuta (neno tu, mafuta hayapo) huku mwenzake akitazama LeafSpy. Gari likitulia, tofauti kati ya jozi ya juu na ya chini ikiwa milivolti 20 au 30, hapana shida. Chini ya mzigo, jozi moja ikizama milivolti 200 chini ya wenzake, mgonjwa amepatikana. Betri ya kWh 24 (kipimo cha umeme inaohifadhi) ina moduli, yaani vifurushi, 48 za seli nne nne. Ya kWh 40 ina moduli 24 za seli nane nane. Hubadilishwa moduli, si betri nzima. Moduli mbadala iwe na uwezo unaokaribiana na nyingine, na volti yake isawazishwe kabla ya kufungwa. Ikiwekwa yenye nguvu zaidi haiongezi chochote, kwa kuwa kikomo cha mnyororo ni seli dhaifu kuliko zote.

Namna wanavyofanya kazi hiyo ndiyo hukumu yenyewe. Betri ina uzito wa takriban kilo 300 na volti zinazokaribia 400. Kabla ya kuigusa, betri ya volti 12 ifunguliwe, plagi ya rangi ya machungwa iliyo sakafuni mbele ya kiti cha nyuma ichomolewe, wasubiri dakika 10 ili kapasita zimwage umeme, kisha wapime kuhakikisha hakuna volti. Glavu za mpira zinazohimili volti 1,000 si pambo. Wanapofunga, nati zikazwe kwa spana ya torki, na kifuniko kipakwe gundi mpya pande zote. Mvua ikiingia, utarudi na onyo la uvujaji. Gereji nzuri hukuonyesha pia kipimo cha insulesheni (kinachothibitisha umeme hauvuji) kabla ya kukukabidhi ufunguo.

Ukiamua kuweka betri nzima kutoka gari jingine, kuna mtego. Kompyuta ya betri na kompyuta ya gari zinatambuana. Bila kuziunganisha upya kwa mashine ya Nissan ya Consult au kifaa kinachofanya kazi hiyo, gari halitaikubali betri hata kama ni nzima kabisa. Hapo wakala rasmi ana nafasi ya juu kwa sababu ana mashine. Tatizo lake ni kwamba gari lako hakuliuza yeye, na anaweza kupendekeza sehemu nzima pale ambapo moduli moja ingetosha.

Na kabla ya kununua betri ya Leaf ya kWh 30, uliza kama programu ya kompyuta yake ilisasishwa. Wamiliki wa New Zealand waligundua kwamba betri hizo zilionyesha uwezo unaoshuka haraka kupita kiasi. Mwaka 2018 Nissan ikathibitisha kuwa kompyuta ya betri ilikuwa ikisoma vibaya, na ikatoa sasisho. Kuna mtu angeweza kutupa betri yenye afya.

Kiwanda chenyewe hakikuanza vizuri. Wamiliki wa Arizona walipolalamika mwaka 2012 kwamba joto linakula betri zao, ilichukua shinikizo mpaka waranti ya uwezo ikatangazwa: vipau vikishuka chini ya 9 ndani ya miaka 5 au maili 60,000, Nissan itatengeneza. Mwaka 2014 ikauza betri mpya ya kWh 24 Marekani kwa dola 5,499, ukirudisha ya zamani. Mwaka 2018 Japani ikaanza kuuza zilizorekebishwa kwa yeni 300,000. Bei ilikuwa wazi, na mteja alijua la kutarajia. Kwetu bado unapiga simu kwa gereji tatu na kupata bei tatu.

Kwa alama zetu, gereji binafsi yenye LeafSpy, kipimo cha insulesheni na meza ya kushushia betri ndiyo ya kwanza. Wakala ni wa pili, hasa kwa programu na breki. Fundi wa nyumbani ni wa kwanza kwa volti 12 na chaji, lakini asifungue betri kubwa uani. Popote uendapo, risiti iandikwe SOH kabla na baada, tofauti ya milivolti chini ya mzigo, misimbo iliyofutwa, namba ya moduli iliyotolewa na muda wa dhamana kwa moduli hiyo. Na ile ya zamani uione kwa macho yako. Kama umeilipia, uchukue.