Mashine ya beji ya mkono, milimita 25: tathmini kutoka meza ya jikoni

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo. Kama una bendi, kijarida au kikundi chochote chenye neno la kusema na hela kidogo, nunua mashine hii kabla hujafikiria kompyuta mpya. Kama unataka beji elfu kumi kufikia Ijumaa, tafuta kiwanda.

Ya kwangu ni mtumba. Niliipata hapa Manchester kwa mzee aliyekuwa anahama nyumba, pauni 120 pamoja na kikata duara na mfuko wa vibati, yaani vile visahani vya bati vya uso wa beji. Ni chuma kitupu. Rangi ya kijani imebabuka, na kibandiko cha kiwanda kimesuguliwa na mikono ya watu mpaka jina halisomeki, kwa hiyo msiniulize ni ya kampuni gani. Nimeikaza kwa skrubu kwenye ubao, na ubao unakaa mezani jikoni kati ya birika na madaftari ya mdogo wangu. Huyo mdogo wangu ndiye chanzo cha yote haya. Anapiga gitaa la besi kwenye bendi ya panki, ule muziki wa gitaa na kelele uliovuma miaka ya sabini, na onyesho likikaribia ananijia na sauti ya upole isiyo yake: "Dada, zile beji utatutengenezea?"

Kazi inakwenda hivi. Chini kuna kalibu mbili zinazosukumwa kushoto na kulia. Kwenye ya kwanza unaweka kibati, juu yake duara la karatasi lenye picha, juu ya karatasi plastiki nyembamba inayoonyesha. Unashusha mpini. Ukiuinua, kalibu iko tupu, na hapo ndipo anayeanza hushtuka akidhani ameharibu. Hajaharibu kitu: vyote vitatu vimepanda na kushikwa na kichwa cha juu. Unaweka mgongo wenye pini kwenye kalibu ya pili, unaisukuma ikae chini ya kichwa, unashusha mpini tena, safari hii kwa uzito wa bega, mpaka usikie mlio mdogo mkavu kama wa njugu ikibanjwa. Beji inatoka na kingo za karatasi zimekunjiwa ndani, hakuna gundi hata tone. Ufundi wenyewe ni wa kale. Kampuni ya Whitehead & Hoag ya Newark, Marekani, ilipata hataza ya beji za aina hii mwaka 1896, na wagombea urais wa mwaka huohuo wakazitumia.

Panki walikuja kuzirithi miaka themanini baadaye na kuzipunguza ukubwa. London palikuwa na kampuni ya beji, Better Badges, kwenye barabara ya Portobello, iliyoanzishwa mwaka 1976 na Joly MacFie. Walijaza nchi beji za inchi moja, na baadaye wakawa wanawachapishia vijana vijarida vyao kwa utaratibu wa chapa sasa, lipa ukishauza. Nikiitazama biashara ile naona kwamba beji na kijarida vilikuwa kazi moja. Mtu aliyekuwa na mkasi, gundi na mahali pa kutoa kopi alikuwa na sanaa yake ya jalada, tangazo la onyesho na kitu cha kubandika kwenye koti, vyote kutoka karatasi ileile.

Sasa nije kwenye kinachonifanya niipende mashine hii: haikupambii. Duara la milimita 25 ni dogo kuliko unavyofikiri. Picha niliyodhani ni kali kwenye karatasi ya A4 huwa inageuka doa. Bendi ya mdogo wangu iliniletea mchoro wa jengo la ghorofa linaloungua, na moshi, na jina lao lenye herufi kumi na nne. Nilipoikata na kuibana, jengo lilionekana kama jino bovu. Nikawaambia wachague: jengo, au moto, au jina. Wakagombana jikoni kwangu karibu nusu saa. Mwishowe ikabaki dirisha moja jeusi lenye ndimi tatu za moto, na ndiyo beji iliyouzika kuliko zote walizowahi kuwa nazo.

Kwa kujipima tu, si kwa kuuza, nimewahi kubana alama za bendi kubwa za enzi zile nione zipi zinahimili. Mistari minne myeusi ya Black Flag haishindwi na chochote. Aliibuni Raymond Pettibon, ndugu yake mpiga gitaa Greg Ginn, huko California, na unaweza kuipunguza mpaka iwe kama punje ya mchele bado ikasomeka. Ile DK ya Dead Kennedys, kazi ya Winston Smith, nayo inakaa vizuri, maana ilikusudiwa kuwa rahisi kupulizwa ukutani kwa rangi ya kopo. Alama ya Crass aliyoichora Dave King, ya msalaba na nyoka ndani ya duara, inapendeza ukitumia chapa safi, lakini ukitumia kopi ya kopi nafasi nyeupe zinaziba. Hapo utaona kwamba watu hawa hawakuwa wanachorachora ovyo. Alama ilibidi ipite kwenye fotokopi mbovu, stensili ya boksi la sabuni na mkono wa shabiki wa miaka kumi na tano anayeichora kwa maka peni mgongoni mwa koti lake, na ifike salama.

Ndiyo maana huwa nakereka na mafaili ya "herufi za panki" yanayouzwa mtandaoni. Nilinunua moja, kutoka kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Herufi zimetengenezwa zionekane kama zimechanwa gazetini. Ukiandika neno lenye A mbili, zote zimechanika pembe ileile, na zina alama ileile ya gundi chini kushoto. Kwenye beji ndogo jicho linakamata haraka sana. Jamie Reid, msanii wa majalada ya bendi ya panki ya Sex Pistols, alipoanza kukata herufi za magazeti, kabla hata ya bendi hiyo, alikuwa akitoa jarida la mtaani Croydon lililoitwa Suburban Press, na kukata kulikuwa njia rahisi ya kupata vichwa vya habari bila kulipia herufi za kubandika. Mwaka 1977 akaziweka machoni na mdomoni mwa Malkia kwenye jalada la Sex Pistols, na tangu hapo dunia nzima inaiga. Lakini wengi wanaiga mchaniko, wanaacha hesabu iliyouleta. Mimi sasa nachukua gazeti la bure la kwenye basi na mkasi wa kucha. Bei ni sifuri na A zangu hazifanani.

Hesabu, kwa kweli, ndiyo sehemu ya panki inayonivutia kuliko kelele zake (mdogo wangu asisome hapa). Buzzcocks, bendi ya hapahapa Manchester, walikopa kama pauni 500 kwa marafiki na jamaa, wakatoa santuri yao wenyewe Januari 1977 chini ya lebo yao, yaani kampuni yao ya kutolea muziki, New Hormones. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000, na picha ya jalada ilipigwa kwa kamera ya Polaroid. Mwaka uliofuata Scritti Politti wakaenda mbele zaidi: kwenye jalada la santuri yao ya kwanza, lililotolewa kwa fotokopi, waliandika gharama zote, studio kiasi gani, kukandamiza santuri zenyewe kiasi gani, vibandiko vya katikati ya santuri kiasi gani, ili anayesoma ajue na yeye anaweza. Crass nao walikuwa wanachapa kwenye majalada bei ambayo mnunuzi asikubali kuizidi. Nimeiga. Kwenye meza yetu ya mauzo kuna kadi iliyoandikwa kwa mkono: kibati, plastiki na pini peni tano, karatasi na kopi peni moja, meza ya ukumbi bure, bei pauni moja, kinachobaki ni mafuta ya gari la bendi. Watu husimama kuisoma kadi kabla hawajaangalia beji zenyewe, na kuna waliochukua mbili baada ya kusoma.

Karatasi. Hapa nisikilizeni vizuri, kwani ndipo wengi wanapoharibu. Tumia ya gramu 90 hadi 100. Ya gramu 80 inapita lakini ukiivuta kidogo bati linaonekana kwa chini, na karatasi ya kadi itakwama na kukunja pini. Duara unalokata liwe kubwa kuliko beji, kwangu ni karibu milimita 35, maana pembeni kote kunakwenda nyuma. Usiweke jina ukingoni. Chapa ya leza au fotokopi ni bora kuliko printa ya wino, kwa kuwa wino wa maji ukipata unyevu wa jasho la ukumbini unasambaa. Na kama unataka ule weusi mzito wa vijarida vya 1977, usitafute kitufe kwenye programu. Toa kopi, ikuze, toa kopi ya hiyo kopi, ikuze tena. Sura ya mtu inapoteza kijivu chote, inabaki macho, kivuli cha pua na mdomo. Vijana wa Sniffin' Glue, kijarida alichoanzisha Mark Perry London Julai 1976 kwa taipureta na kalamu nene, hawakuchagua sura ile kwenye orodha. Toleo la kwanza lilikuwa kama nakala 50, zilizotolewa kwenye mashine ya ofisini alikokuwa akifanya kazi mpenzi wake. Mashine ndiyo iliyowapa rangi.

Kukata nako kuna heshima yake. Linder Sterling, msanii wa mji huu, alitengeneza picha ya jalada la santuri moja ya Buzzcocks ya 1977 (jina lake silitaji, humu wanasoma na watoto): mwili wa mwanamke wenye pasi badala ya kichwa. Alitumia kisu cha upasuaji na magazeti, ya akina mama upande mmoja na ya wanaume upande wa pili. Malcolm Garrett akaipanga kwenye jalada la manjano na buluu. Ukiitazama kwa karibu hakuna ukingo uliochanika. Kila kipande kimekatwa kwa mkono uliotulia. Huwa nawaonyesha wale marafiki wa mdogo wangu wanaodhani kujifanyia mwenyewe maana yake ni kulipua kazi.

Kipimo kikubwa cha mashine yangu, hata hivyo, hakikutoka kwa panki. Kilitoka kwa shangazi mmoja wa Kitanga, mtu wa heshima zake, aliyefiwa na mume. Alitaka beji za picha ya marehemu kwa ajili ya ndugu waliokuwa wanakuja hitmani kutoka Leicester na London. Nilimsalimu, nikampa pole, nikampa kiti. Akatazama beji za bendi zilizokuwa zimetapakaa mezani, mafuvu, moto, herufi zilizochanwa, kisha akaniuliza taratibu: "Mwanangu, na yeye utamfanya hivi?" Nikamwambia hapana, shangazi, na nikazifunika kwa kanga. Picha ilikuwa ndogo, ya pasipoti, na kofia ya kito imekatwa kidogo juu. Nilikaa nayo muda mrefu kuliko kazi yoyote ya bendi, nikimsogeza ndani ya duara ili kofia isiende nyuma ya beji. Mbinu zilikuwa zilezile: toa kopi, punguza kijivu kisicho na kazi, kata, bana. Alipoishika alisema tu, "Ndiye," akaniombea dua. Kwa hiyo mtu asikuambie mashine hii ni ya mafuvu peke yake.

Lawama sasa, na zipo. Ya kwanza ni vipuri. Vibati vya mtengenezaji huyu haviingii kwenye kalibu za yule hata kama vyote vimeandikwa milimita 25. Tofauti ya unywele inatosha kukwamisha. Niliagiza mfuko wa bei poa mtandaoni, kingo zake zilikuwa kali na nusu ya beji zilitoka na mikunjo kwenye plastiki kama chandarua kilichotandikwa haraka. Muuzaji hakujibu ujumbe hata mmoja. Kabla ya kununua mtumba, mwombe mwenyewe akubanie beji mbili mbele yako kwa vibati anavyotumia, kisha muulize anavipata wapi. Ya pili, kikata duara. Hiki kilichokuja na yangu kimeanza kutafuna karatasi upande mmoja, na kukinoa kumenishinda. Vipya vya chuma vina bei ya kuumiza. Ya tatu ni bega. Baada ya beji mia mbili za mfululizo utalala upande mmoja. Ya nne, pini inaweza kukaa kichwa chini miguu juu ukiiweka bila kuangalia, na beji ikishabanwa haifunguki bila kuiharibu. Weka alama ndogo ya maka peni kwenye kalibu zote mbili, moja ielekee nyingine, shida inakwisha.

Ningependa pia iwe na kimo kirefu zaidi cha mpini. Mimi ni mfupi, nasimama juu ya kigoda.

Kati ya nyota tano naipa nne na nusu. Nusu nimeikata kwa ajili ya vibati. Mnaotaka kuanza, msinunue zile za plastiki za kuchezea watoto. Zinabana ishirini za kwanza vizuri, kisha kalibu inalegea na plastiki ya juu inaanza kuchomoka. Tafuta chuma, tafuta cha milimita 25 au 32, nenda kakione kwa macho. Na kama kuna mtu hapa kaskazini ya Uingereza anayejua fundi wa kunoa kikata duara, tafadhali anielekeze, kwani bendi ina onyesho mwezi ujao na nimeshaanza kukata kwa mkasi.