FamilySearch: nilivyowasaka mababu wa mama mkwe

Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Massachusetts, Marekani, na ukoo wake ulikuwa mji wa Deerfield tangu enzi za ukoloni. Akaniomba nimtafutie. Nilianza na tovuti moja ya kulipia. Ikanipa mti uliomwoza bibi mmoja kwa mwanamume aliyezikwa kabla bibi hajazaliwa. Hela yangu ikaenda hivyo.

FamilySearch, tovuti nyingine ya kusaka ukoo, ni bure, unajisajili tu. Humo sensa ya Marekani ya 1790 nimeiona kwa macho: wino umefifia, jina la mkuu wa kaya peke yake, wengine wote tarakimu. Wanaume wa miaka 16 na zaidi wana safu yao, wavulana yao. Wanawake, ajuza kwa kichanga, kapu moja! Kaya yetu inasoma 2, 3, 4. Hao wanawake wanne ni akina nani? Sensa ilianza kuandika jina la kila mtu huru 1850.

Ikabidi nihamie daftari za mji za vizazi, ndoa na vifo, nazo zimo humo humo kwa picha. Wawili nimewapata. Andaa miwani, s ya zamani inafanana na f. Mama mkwe sasa hunipigia kila Jumapili kuwaulizia wawili waliobaki.