Tahadhari: nyumba ya wazee inayokwambia usije wiki mbili za mwanzo

Kwa mwenye mzazi, shangazi au nyanya aliyeshikwa na dimenshia, ule ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na akili uzeeni, hapa Mombasa na anamtafutia pa kulelewa: kuna watu wanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook wakitangaza makao ya wazee, bustani, upepo wa bahari, manesi usiku na mchana. Ukipiga simu wanapokea upesi, sauti laini, wanakupa pole ya mgonjwa kabla hujamaliza kueleza. Jina la nyumba silitaji. Walipoanza kusemwa walilibadilisha, na picha wakabadilisha, kwa hivyo jina halitawafaa kitu. Zijueni tabia zao.

Ya kwanza ndiyo hiyo niliyoiweka juu. Mkishalipa mnaambiwa mgonjwa aachwe wiki mbili bila kuonana na watu wa kwao, ati azoee. Mkiuliza, mnajibiwa kuwa akiwaona atalia na kutaka kurudi. Maneno haya yanaingia akilini kwa sababu yana chembe ya kweli: mgonjwa wa dimenshia akihamishwa huchanganyikiwa zaidi siku za mwanzo. Lakini kinachomtuliza mtu wa hali ile ni uso anaoujua, sauti aliyoizoea, leso yake mwenyewe kitandani. Kumwacha na wageni watupu ndiko kunakomzidishia. Wiki mbili zile ni zao wao: za kumlegeza kwa dawa, na za kuhakikisha pesa zimefika pasiporudishika.

Sisi alikwenda Mama Mkubwa. Alikuwa na ile hali ya kutoka magharibi akisema anarudi kwao, na yuko kwao. Tukamkuta Marikiti, tukamkuta Mwembe Tayari, siku moja ameshafika karibu na feri. Kaka yetu yuko Doha, ndiye aliyelipa. Wiki mbili hazijaisha, mimi na binamu yangu tukaenda bila kuambia mtu. Tulizuiwa getini kwa muda, tukaingia.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Barazani wazee wameketi kwenye viti vya plastiki, televisheni inalia peke yake, na wote wamelala. Wote. Vichwa vimeanguka kifuani. Mama Mkubwa midomo imekauka hadi imepasuka, na leso imezungushwa kiunoni mwake na kwenye kiti, fundo limepigwa nyuma ambako mkono wa mtu aliyekaa haufiki. Msichana mmoja alikuwa anakoroga uji, akamiminia unga mweupe kutoka kichupa cha dawa ya kikohozi kilichobanduliwa karatasi. Tukamuuliza ni nini. Dawa. Ameandika nani? Daktari. Daktari gani? "Huja Jumamosi." Jina lake hakulijua.

Sasa hapo ndipo pa kushika. Dimenshia nyingi zina saa zake. Kuanzia alasiri kuingia magharibi mgonjwa huanza kuhangaika: anazunguka, anatafuta mlango, anamwita mamake aliyefariki zamani, anauliza jambo moja mara thelathini. Aliyelea mgonjwa kama huyo anajua. Basi nyumba yenye wagonjwa kumi wa aina hiyo, saa kumi na moja jioni, inatakiwa iwe na pirikapirika. Mmoja anatembezwa uani, mwingine anakunja nguo anazozikunjua mwenyewe, mwingine anagomba na nesi. Ukikuta kimya saa hizo, usipendezwe. Wao watakutembeza saa nne asubuhi, sakafu imepigwa deki, kila mtu amechanwa nywele. Nenda jioni, na usiwaambie.

Kuhusu dawa zenyewe nisikae kimya, maana wengi hudhani kumlaza mzee ni kumsaidia. Dawa za kutuliza wagonjwa wa akili, kama haloperidol, zilitengenezwa kwa magonjwa mengine ya akili. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitaka dawa mpya za kundi hilo ziandikwe onyo zito kwamba huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia, na mwaka 2008 onyo likafika kwa zile za zamani, haloperidol ikiwemo. Daktari anaweza kuziandika, kwa kipimo kidogo na kwa muda, mgonjwa akiwa hatari kwake au kwa wenzake. Hilo sawa, ila liwe na jina la daktari, kipimo, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuangaliwa tena. Hata zile dawa za mzio zinazoleta usingizi, ambazo mtu hununua duka la dawa bila cheti, humzidishia mzee wa dimenshia mchanganyiko na kumfanya aanguke. Na mgonjwa akibadilika ghafla, juzi alikuwa anakujua na leo hajui mbele wala nyuma, mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo au ukosefu wa maji mwilini. Kwa joto hili letu mzee asipoombwa kunywa maji hanywi, maana kiu haisikii vizuri. Anayemwongezea dawa ya usingizi mtu wa namna hiyo badala ya kumpima mkojo anamuua polepole.

Jambo jingine wanalouza ni siri. Wanajua pwani hii ukimpeleka mamako nyumba ya wazee watasema umemtupa. Basi wanakwambia mapema kwamba wao hawatangazi, jamaa hawatajua, jirani hatajua. Familia inashusha pumzi. Matokeo yake mgonjwa hana wa kumpitia: shangazi hajui, jirani hajui, imamu au mchungaji hajui. Mimi naona bora mseme wazi. Mke aliyekesha miaka akimzuia mumewe asitoke barabarani usiku hajamtupa mtu, na anayetaka kumsema aje ashike zamu. Wakijua wengi watapita wengi, na nyumba inayopitiwa saa zote haipati nafasi ya kumfunga mtu kitini.

Pesa nazo. Bei ya tangazo ilikuwa Sh45,000 kwa mwezi. Siku ya kulipa ikawa imezaa: ada ya usajili, amana ya miezi miwili, pampasi, daktari (yule wa Jumamosi), na pesa ya feni. Ya feni, wallahi. Zote zikaelekezwa kwenye laini ya mtu binafsi, ati Paybill, ile namba ya kulipia biashara, ina matatizo. M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijatoka. Ukiona jina la mtu badala ya jina la nyumba, simama hapo hapo. Ukishatuma, upeleke ule ujumbe kwa namba 456 ya Safaricom mara moja kuomba zirudishwe, lakini zikishatolewa kwa wakala hapo hakuna la 456 tena. Na kuna walio wabaya zaidi, hata nyumba hawana. Wanakuomba pesa ya kushikilia kitanda, wanakuelekeza geti fulani Nyali, ukifika mlinzi anakushangaa. Hawa huwapenda sana ndugu walioko Ghuba na Ulaya, wanaolipa kwa picha. Ndugu yangu uliye huko, picha itafute kwanza kwenye Google kwa ile njia ya kutafuta kwa picha. Bustani hiyo huenda iko nchi nyingine kabisa. Halafu umtume mtu wa damu yako akaigonge hiyo milango, na akupigie video akiwa ndani, si meneja akupigie.

Waliomba pia kitambulisho halisi cha Mama Mkubwa na kadi yake ya benki, ati kwa faili. Faili hutosheka na kopi. Wazee wengi wana pensheni, na waliotimiza miaka 70 wengine wanapokea zile Sh2,000 za serikali za Inua Jamii kila mwezi, kwa hivyo kitambulisho ni mlango wa pesa. Kulikuwa na karatasi nyingine pia, ya kumpa meneja mamlaka juu ya mambo yake, wakataka mgonjwa aweke kidole gumba. Mtu ambaye hajui tena anatia saini nini hawezi kumkabidhi mwingine mali yake kwa karatasi ya mezani. Kwa sheria ya Kenya njia yake ni Mahakama Kuu kuteua msimamizi.

Ukidai leseni watakutolea cheti cha kusajili jina la biashara na kile kibali cha biashara cha kaunti, vimewekwa fremu ukutani vinang'aa. Vyote viwili havisemi lolote juu ya uuguzi. Duka la simu linavyo pia. Nyumba inayojiita ya uuguzi, inayotoa dawa na kudunga sindano, uliza leseni ya baraza la madaktari, KMPDC, kisha ingia kwenye tovuti yao uitafute mwenyewe. Nesi naye ana namba yake kwenye Baraza la Wauguzi la Kenya, na tovuti yao inakuonyesha kama yumo. Mwenye namba hukutajia bila kununa. Tulipouliza sisi tukaambiwa hatuna imani.

Ukiwa ndani, acha kutazama sebule. Fungua bomba la chooni. Mji huu maji ni ya mgao na nyingine ni ya chumvi, na nyumba ya watu wasioweza kuzuia haja bila tangi la maana ina harufu ambayo hakuna ubani wa kuificha. Uliza usiku nani yuko zamu, wangapi, na wanalala wapi. Kule alikokuwa Mama Mkubwa alikuwa msichana mmoja, yule yule wa uji, analala stoo. Uliza ufunguo wa geti la chuma la ndani huwa kwa nani usiku, maana moto ukizuka mzee hawezi kuruka dirisha. Na kwa mgonjwa asiyeweza kugeuka mwenyewe, omba kutazama visigino na sehemu ya chini ya mgongo, juu ya makalio. Mtu wa hali hiyo hugeuzwa kama kila saa mbili. Asipogeuzwa, vidonda huanzia hapo, na haviwezi kufichwa kwa kumvisha gauni jipya.

Zipo nyumba zinazolea kwa imani, nimeingia moja ambayo nesi mkuu alinisimulia vituko vya kila mzee na vyakula anavyovikataa. Mlango ulikuwa wazi, nikapewa chai, na hakuna aliyeniuliza nimekuja saa ngapi.

Kama wako yuko ndani na umetambua haya niliyoyasema, usingoje tarehe ya kuruhusiwa. Ibara ya 57 ya Katiba inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na nyumba si jela. Nenda na mtu wa pili, piga picha za alama zozote mwilini, chukua kila kichupa na kila kidonge utakachokikuta, hata kisicho na karatasi, mpeleke moja kwa moja Hospitali Kuu ya Pwani au kwa daktari unayemwamini. Dawa usimkatishe mwenyewe kwa ghafla, maana baadhi yake zikikatwa mara moja huleta balaa jingine, mwachie daktari. Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu na nyumba ile, uandikishe kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, na uchukue namba yake. Ujumbe wa M-Pesa usiufute. Sisi tumeshaandikisha, na familia nyingine mbili zimejitokeza zikiwa na laini ile ile ya simu chini ya jina jipya la nyumba, kwa hivyo unapoandikisha yako hakikisha polisi wameandika namba iliyopokea pesa, wasitosheke na jina la nyumba.