Kapsuli za kranberi kwa U.T.I. inayojirudia: kabla hujalipia, soma ubavu wa kopo

Siku hizi maduka mengi ya dawa jijini Dar es Salaam huuza kapsuli za kranberi, tunda jekundu la Amerika Kaskazini, na mwanamke anayelalamika kuwa U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, humrudia kila baada ya miezi michache huelekezwa huko mapema. Nilinunua kopo la kapsuli 60 kwa zaidi ya shilingi 40,000. Naona bidhaa hii ina nafasi yake katika kuzuia maradhi, wala si katika kuyatibu, na ubora hutofautiana mno baina ya kopo na kopo.

Mbele ya makopo mengi huandikwa "miligramu 500" kwa herufi kubwa, ambazo ni uzito wa unga au dondoo la tunda tu. Viambata vinavyotarajiwa kufanya kazi ni proanthosayanidini, ambavyo huwazuia bakteria wa E. coli, chanzo cha maambukizi mengi ya njia ya mkojo, wasijishikize kwenye ukuta wa kibofu. Tafiti nyingi zimetumia takriban miligramu 36 za viambata hivyo kwa siku, na kiasi hicho, kama kimetajwa, hujificha ubavuni kwa maandishi madogo. Niligeuza makopo kadhaa kabla ya kupata lililokitaja, na yaliyonyamaza niliyarudisha rafuni.

Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yaliyojumuisha tafiti 50, yalionyesha kwamba kranberi hupunguza hatari ya maambukizi kwa takriban robo kwa wanawake wanaougua mara kwa mara, lakini hayakuona faida ya wazi kwa wajawazito. Ni nafuu ya kweli, ingawa kopo moja halitoshi kumthibitishia mtu chochote. Unga wa D-mannose, aina ya sukari, unaouzwa ghali zaidi, siupendekezi: utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2024, uliowahusisha wanawake 598 kwa miezi sita, haukuona tofauti ya maana kati yake na unga wa kulinganishia usio na dawa.

Kuhusu chupa za dawa ya mitishamba zinazodai kutibu U.T.I. sugu, chango, gesi na nguvu za kiume kwa pamoja, bila orodha ya viambato wala namba ya usajili, sina la kusifu.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au aliyewahi kupata mawe ya figo amwulize daktari kwanza. Homa, maumivu ya kiuno au mkojo wenye damu havingojei kapsuli. Vinahitaji kipimo cha kuotesha mkojo na antibayotiki inayofaa. Na mwenye fedha kidogo aanze na maji, kwani katika utafiti wa mwaka 2018 wanawake waliozoea kunywa maji kidogo, walipoongeza lita moja na nusu kwa siku, walipata maambukizi karibu nusu ya yale ya wenzao.