Pochi ya kufumwa kwa mkono Mbeya: uliza mtande kabla ya rangi

Ukizunguka Mwanjelwa kutafuta pochi, utaonyeshwa plastiki inayojifanya ngozi mpaka uchoke. Mimi nilitaka ya kufumwa, rangi nichague mwenyewe, iingie simu, vitambulisho na hela ya bajaji. Nikaelekezwa kwa mama mmoja anayefuma nyumbani kwake upande wa Uyole, kwa mashine ya mbao isiyohitaji umeme. Jina lake siliweki hapa, maana nina ya kumsifu na nina ya kumlalamikia.

Bei ilikuwa 35,000 kwa pochi ya mkononi yenye zipu na bitana. Si rahisi, najua. Kwa hela hiyo Mwanjelwa unapata tatu na chenji ya chipsi. Ila za Mwanjelwa hakuna anayekukalisha kwenye kigoda na kukumwagia madonge ya uzi miguuni, akuache uchague hadi jua lishuke.

Wengi tunakwenda tukiwa na rangi kichwani. Yeye anaanza na mtande, yaani zile nyuzi ndefu zinazofungwa kwanza kwenye mashine, kabla ya mshindio, yaani uzi wa kukatisha, kupita katikati yake kwenda na kurudi. Kutanda ni kazi ya kuchosha, uzi mmoja mmoja, kwa hiyo anatanda mrefu mara moja, kisha pochi za wateja kadhaa zinafumwa humohumo na kukatwa. Maana yake unakuta mtande uliopo ndio uliopo. Siku hiyo ulikuwa wa rangi ya maziwa. Ukitaka wako peke yako, unaongeza 10,000 na unasubiri foleni.

Nikaona haina shida, si mshindio ndio nitakaochagua mimi? Akacheka, akatoa mfuko wa vipande vilivyobaki kwenye kazi za wengine. Ufumaji wa kawaida, ule wa juu-chini juu-chini, unaonyesha mtande karibu sawa na mshindio. Damu ya mzee niliyoipenda ikiwa kwenye donge, kwenye mtande wa maziwa ilikuwa imegeuka pinki iliyochoka. Uzi uleule kwenye mtande mweusi ulikuwa mzito, karibu na rangi ya kahawa. "Mwanangu, donge lisikudanganye," akasema. "Ngoja kwanza lilale kwenye mtande." Njia ya kuuficha mtande ipo: mshindio unakuwa mnene na unagongwa sana mpaka ubanane. Uzi unaotumika ni mwingi zaidi, na pochi inakuwa ngumu kiasi.

Halafu nikaomba bluu na njano zipishane, uzi mmoja mmoja. Akanifumia kipande cha majaribio bila kuniongezea bei, na kwa hili nampa alama zote. Ukikisogeza karibu unaona vidoa vizuri vya bluu na njano. Ukikiweka mbali hatua chache, ni kijani iliyofifia, basi. Ukitaka kila rangi ijitegemee, iwe na mstari wa upana wa vidole viwili angalau. Kwa kupanga mistari hatumii hata karatasi: anazungushia nyuzi kwenye kipande cha boksi, akipunguza hii na kuongeza ile, kisha anakutoa nje ukaangalie juani. Ndani kwake taa ni ya mwanga wa njano, na humo bluu ya giza na nyeusi ni mapacha.

Nilikuwa nimebeba kitenge changu cha zamani, na hicho ndicho kilichoturahisishia. Aliyechora kitenge ameshapanga rangi zinazoelewana; sisi tulinakili tu vipimo: bluu nyingi, maziwa kiasi, chungwa kama uzi wa pembeni. Mabaki ya kitenge yakawa bitana.

Sasa uzi wenyewe. Ana pamba, ana akriliki ile ya kufumia masweta, na ana sufu anayoipata kwa kufumua masweta ya mitumba. Hii ya mitumba ina rangi tulivu ambazo madukani huzioni, lakini lebo mara nyingi zimeshakatwa, kwa hiyo anachoma ncha kwa kiberiti. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu inanuka nywele zilizoungua na haipendi kuendelea kuwaka. Akriliki inayeyuka na kubaki kidonge kigumu cheusi. Mtande anatumia pamba iliyosokotwa vizuri, kwa sababu uzi laini wa sweta ukivutwa na kusuguliwa kwenye mashine unatoa manyoya na kukatika. Sufu nzuri kwa mshindio, ila ikioshwa kwa maji ya moto na kusuguliwa inashikana na kusinyaa. Kwa pochi inayoshikwa kila siku nilichukua pamba. Bluu tuliipima kwa kusugua kitambaa cheupe kilicholowa. Ya kwanza ilichuja, tukaiacha. Akriliki ningeichukua kama ningekuwa naishi Tukuyu, kunakonyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Inakauka haraka kuliko pamba, mradi pasi ya moto isiiguse.

Malalamiko sasa. Alichelewa, na kila nikipiga simu jibu lilikuwa "kesho, mwanangu". Siku ya kuchukua nikakuta zipu ni ya bei ya chini, meno yalianza kuachia mapema, fundi cherehani wa mtaani akaibadilisha. Kwa kitambaa cha namna ile, zipu ya vile ni kukitukana. Na pembe za ndani zilikuwa zimeshonwa mara moja tu. Kitambaa cha kufumwa kikikatwa kinafumuka, kinataka mshono wa zigizaga ukingoni kabla ya bitana. Nilimweleza, akapokea bila kinyongo.

Kitambaa chenyewe sina neno. Mbeya jua la mchana linachoma hata ukiwa umevaa koti, na bado bluu haijapauka. Chungwa ni mistari miwili tu, ila ndiyo watu wanayoiulizia. Wanaodhani nimeinunua Dar nawaacha wadhani.

Ya pili nimeshaagiza, ya dada yangu. Safari hii nimelipia mtande mweusi, mshindio ni damu ya mzee na kijivu kutoka sweta la mitumba nililolichagua mwenyewe soko la SIDO. Zipu ya chuma nimempelekea pamoja na uzi, na zigizaga nimeitaja kabla ya kutoa hela ya kutangulizia.